"Hofu na mashaka ni kwako": kisa cha dada, mdogo wake na barua za gerezani

Alikuja na bahasha iliyorudishwa. Jina la mdogo wake lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, namba yake ya mfungwa chini yake, na pembeni kulikuwa na kikaratasi kilichobandikwa na ofisi ya gereza, chenye neno moja: "hairuhusiwi". Ndani mlikuwa na kurasa 6 za barua na mchoro wa mtoto wa miaka 8. Nyumba, jua, na stika za nyota zinazometa zimezunguka ukingo wote.

"Miezi minne nangoja, sijibiwi," aliniambia. "Nilisema hii ndiyo ya mwisho. Nayo imerudi."

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia watu wanaowaandikia ndugu zao walioko gerezani, na wengi huja siku kama hiyo, wakiwa wameshachoka. Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu karibu kila kinachoweza kuharibika katika barua za namna hii kiliharibika humo, na kilichokuja kukitengeneza kilikuwa kidogo mno. Majina nimeyaacha, na mambo machache nimeyageuza ili wenyewe wasitambulike.

Dada huyu amempita mdogo wake miaka 9. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea. Kijana alipokua akamtafutia kazi palepale alipokuwa anafanya kazi yeye, akamdhamini kwa mdomo wake mwenyewe. Haukupita mwaka na nusu, kijana akachukua fedha za ofisi. Akakamatwa, akakaa mahabusu miezi 5, akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Dada hakufukuzwa kazi. Ila tangu siku hiyo, alisema, hakuna aliyemkabidhi tena funguo. Zamani yeye ndiye aliyefungua asubuhi. Sasa alifika na kusubiri mlangoni pamoja na wengine.

Miezi yote ya mahabusu hakumwandikia hata mstari, na siku ya hukumu hakwenda. Baada ya hukumu hasira ikachanganyika na huruma, akatuma barua 3 ndani ya mwezi mmoja. Alijibiwa mara moja tu, nusu ukurasa: kwamba yu salama, kwamba amepokea, na mwisho jina lake kamili na namba ya mfungwa, kama mtu anayejaza fomu. Kisha kimya.

Bahati nzuri ana mazoea ya kuandika rasimu kwenye daftari, kwa hiyo tulizisoma zote tatu upya, meza moja, bila haraka.

Ya kwanza ilianza kama tulivyofundishwa sote: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Maneno haya tumeyaandika tangu utotoni bila kuyasikiliza. Ukimwandikia mtu aliye nyuma ya kuta yanageuka kuwa kweli tupu, na nilimwambia asiyaache. Tatizo lilikuja mstari uliofuata. "Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua kwa nini ulinifanyia vile." Swali hilo lilirudi mara nne katika barua hiyo moja. Ya pili ilikuwa mawaidha mwanzo hadi mwisho. Ya tatu ilikuwa fupi na ya upole, na ilimalizia hivi: "Mwisho wa mwezi nitakuja kukuona, nije na mwanangu."

Hakwenda. Kazi ilimbana, nauli ikawa ngumu, siku ya kutembelea ikapita. Wala hakuandika kumwambia kwamba hatakuja.

Nianze na lile swali, kwa sababu ndilo lililomuumiza zaidi dada, na ndilo alilolielewa vibaya kuliko yote. Kijana alikuwa amekata rufaa. Dada hakujua. Katika magereza mengi duniani barua ya mfungwa huweza kufunguliwa na kukaguliwa, inayoingia na inayotoka, na kinachoandikwa humo kinaweza kufika mahakamani. Barua kati ya mfungwa na wakili wake ndiyo yenye kinga ya pekee. Mwaka 1975 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua dhidi ya Uingereza katika shauri la Golder, mfungwa aliyezuiwa kumwandikia wakili, na leo kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka mawasiliano hayo yawe ya siri kabisa. Dada wa damu hana kinga hiyo. Wakili alikuwa amemwonya kijana asiguse habari ya kesi katika barua yoyote. Kwa hiyo mtu aliulizwa mara nne swali asiloruhusiwa kulijibu, na hakuruhusiwa hata kueleza kwa nini hajibu. Kile ambacho dada alikisoma kuwa kiburi kilikuwa agizo la wakili.

Mawaidha sitayasema sana. Yalikuwa mawaidha mazuri, yameandikwa kwa uchungu wa kweli. Lakini mfungwa huambiwa saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kusimama foleni na saa ya kuhesabiwa. Barua ya nyumbani ikija nayo ikiwa orodha ya amri, haina mahali pa kukaa moyoni mwake.

Ile ahadi ndiyo iliyoleta kimya. Hili tulilijua baadaye sana, kutoka kwa kijana mwenyewe. Aliandika kwamba siku ile alinyoa ndevu mapema, akakaa karibu na mlango ili asipitwe na jina lake likiitwa. "Walisoma majina mpaka wakafunga kitabu," aliandika. Alingoja tena siku ya kutembelea iliyofuata, na iliyofuata. Hakusema kwamba alikasirika. Alisema aliona aibu mbele ya wenzake, kwa kuwa alikuwa amewaambia kwamba dada yake anakuja.

Huku nje ahadi iliyovunjika huzikwa na shughuli za siku saba. Kule ndani shughuli za kuizika hazipo. Tangu siku nilipoisoma barua hiyo, kila ninayemsaidia namwomba asiandike neno "nitakuja" mpaka awe na uhakika wa safari, na akishaandika kisha akashindwa, atume mistari miwili siku hiyohiyo.

Sasa ile bahasha. Stika, gundi, unga unaometa, manukato, kadi zenye tabaka mbili: hivi hukataliwa katika magereza mengi, na si kwa ukatili tu. Siku hizi zipo dawa za kulevya zinazotengenezwa maabara ambazo hunyunyizwa au kuloweshwa kwenye karatasi ya kawaida, na chini ya stika ni rahisi kuficha kitu. Kwa sababu hiyo mwaka 2018 jimbo la Pennsylvania nchini Marekani liliacha kabisa kuwapa wafungwa barua zao halisi: barua za kawaida zikaanza kutumwa kwa kampuni iliyoko Florida, huko zikapigwa picha, na mfungwa akapewa nakala. Woga wa dawa nauelewa. Lakini nimeshawaona watu waliotoka gerezani wakifungua bahasha kuukuu, zikunjuke karatasi zilizolainika kwenye mikunjo kama kitambaa, na siamini kwamba nakala ya mashine hushikwa namna hiyo.

Mchoro tuliuokoa. Mtoto aliuchora upya kwa penseli, bila stika, na safari hii ulipita.

Lakini kwanza ilibidi kuulizana habari ya mtoto huyo. Alikuwa ameambiwa kwamba mjomba amesafiri. Dada alidhani anamkinga. Nikamuuliza: mjomba akimwandikia, atasema yuko wapi? Huenda ndiyo sababu katika ile nusu ukurasa hakumtaja mtoto hata kwa salamu. Hakujua ni uongo gani autunze. Usiku huo dada alimwambia mwanawe kwa maneno machache kwamba mjomba alichukua kitu kisicho chake, yuko gerezani, atarudi. Mtoto akajibu kwamba anajua, waliambizana shuleni zamani. Alikuwa amenyamaza ili mama yake asilie.

Baada ya hapo nikamwomba dada aandike barua isiyozidi ukurasa mmoja, isiyogusa kesi, isiyo na ahadi ya kwenda, ila ndani yake pawe na jambo moja analolihitaji kwa kweli kutoka kwa mdogo wake.

"Sina ninalolihitaji kwake," alisema, na akaanza kukusanya daftari lake.

Sikumbishia. Tulikaa. Tukazungumza mengine, ya kazini, ya mtoto, mpaka akataja baiskeli ya mtoto ambayo cheni yake inatoka kila siku na hakuna wa kuitengeneza. Halafu akanyamaza, kwa sababu alikumbuka. Kijana alipokuwa na miaka 15 alikuwa akitengeneza baiskeli za jirani zote.

Barua aliyoandika siku hiyo ninaiweka hapa karibu yote. "Mdogo wangu, salaam. Sisi ni wazima, hofu na mashaka ni kwako. Nilisema nitakuja, sikuja, wala sikukuarifu. Nisamehe kwa hilo. Mpwa wako ana baiskeli, cheni inatoka akikanyaga kwa nguvu. Nimeirudishia mpaka vidole vimekuwa vyeusi, na bado inatoka. Hebu nieleze nifanye nini. Mtoto anajua uko wapi. Dada yako." Juu kwenye kona nilimwomba aandike "Barua ya 1", ili siku moja ikipotea wajue.

Jibu lilichukua majuma 5, naye dada alikaribia kukata tamaa mara ya pili. Lilipofika lilikuwa kurasa 2 na mchoro. Gurudumu la nyuma limechorwa vizuri, mishale, namba kutoka 1 hadi 6, na mhuri wa ukaguzi umepigwa katikati ya spoku. Mchoro huo ndio uliochelewesha jibu. Mchoro wenye mishale na namba, ukitoka gerezani, lazima umshtue mkaguzi, na kijana aliitwa ofisini kueleza mshale mmoja mmoja. Kama ningefikiri mapema ningemshauri dada aombe maelezo ya maneno tu. Siku hizi ndivyo ninavyoshauri: mchoro wa ua au wa mnyama hupita, ramani na hesabu hukwama.

Maelezo yenyewe yalikuwa haya. Baiskeli igeuzwe kichwa chini. Nati mbili za ekseli ya nyuma zilegezwe kwa spana namba 15, zisitolewe. Gurudumu livutwe nyuma kidogo kidogo, lisikae upande. Cheni ikibonyezwa katikati kwa kidole icheze kiasi cha unene wa kidole chenyewe; isikaze kabisa, maana ikikaza italia na kuliwa meno. Kisha nati zikazwe kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Chini ya yote: "Mjomba, usimwachie mama afanye peke yake. Wewe ndiye ushike gurudumu. Nijulishe kama imekubali. Ni mimi mjomba wako."

Neno hilo katika lugha yetu huenda na kurudi. Mjomba humwita mpwa wake "mjomba", na mpwa naye humwita vivyo hivyo. Mtu ambaye barua yake ya kwanza aliitia sahihi kwa namba sasa alijitaja kwa cheo chake cha nyumbani, na akampa mtoto cheo hichohicho. Ndilo ninalotaka lionekane katika kisa hiki kuliko yote. Barua za mwanzo zilimweka kijana katika nafasi moja tu, ya mkosaji anayesubiriwa ajieleze. Barua ya cheni ilimweka katika nafasi ya mtu anayejua kitu ambacho nyumbani hakijulikani. Kosa halikufutwa. Lakini mtu hawezi kuandika barua kila baada ya wiki mbili kwa miaka miwili akiwa na cheo cha mkosaji tu. Atachoka yeye, na atachoka anayemsoma.

Cheni ilikubali. Waliazima spana kwa jirani.

Kuanzia hapo waliandikiana kwa utaratibu. Dada alichagua Jumapili moja ndiyo, moja hapana, na akaishika. Ukurasa mmoja, upande mmoja wa karatasi. Hilo la upande mmoja huwa nalisisitiza kwa sababu ya yaliyowapata wafungwa wa kisiwa cha Robben, Afrika Kusini. Nelson Mandela alipofikishwa huko mwaka 1964 aliruhusiwa kuandika na kupokea barua moja kila miezi 6, maneno 500 na si zaidi. Wakaguzi walikuwa wakifuta kwa wino mistari wasiyoitaka, na walipogundua kwamba wino unaweza kuoshwa wakaanza kuikata kwa wembe. Kwa kuwa karatasi iliandikwa pande zote mbili, mstari mmoja uliokatwa uliondoka na mstari mwingine usio na hatia nyuma yake. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa zilizopitishwa Desemba 2015 hubeba jina la Mandela. Ya 58 inataka mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na jamaa na rafiki mara kwa mara, kwa barua na kwa kutembelewa. Ya 43 inakataza kumkatia mtu mawasiliano na familia kama adhabu. Ya 68 inampa haki ya kuwajulisha jamaa zake mara moja akihamishwa gereza.

Hiyo ya mwisho iliwahusu. Mwaka wa pili kijana alihamishwa, na barua mbili za dada zikarudi. Zamani angesema amenuniwa. Sasa alitazama namba, akaona ya 17 na ya 18 hazijamfikia, akaenda kuuliza, akapata anwani mpya. Zile mbili akazituma upya ndani ya bahasha moja.

Lipo jambo ambalo sikuwa na jibu lake jepesi. Katika barua yake ya 9 kijana aliomba fedha zitumwe kwa jina la mtu mwingine. Maombi ya fedha ni ya kawaida. Sabuni na stempu hazijileti. Ila jina la mtu mwingine mara nyingi maana yake ni deni, na deni la gerezani lina meno. Dada alitaka kumwandikia kumuuliza nani anamtisha. Nilimzuia. Barua husomwa na askari, hukaa kwenye godoro, huonwa na wenzake. Swali hilo kwenye karatasi lingeweza kumletea balaa. Aliomba kuonana na afisa ustawi ana kwa ana, akaenda, na katika barua akaandika tu: "Kwa jina la mtu nisiyemjua situmi. Nimeongea na wanaohusika, nawe utaitwa." Jambo likaisha. Barua 2 zilizofuata za kijana zilikuwa baridi, na dada alizijibu kana kwamba ni za kawaida. Hapo alionyesha ukubwa ambao mimi sikumfundisha.

Pia tulijifunza kusoma yasiyoandikwa. Kila barua ya kijana ilisema yu salama. Hapo zamani barua yenye malalamiko ilizuiliwa waziwazi. Huko California kanuni ilikataza barua za kulalamika kupita kiasi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitengua mwaka 1974. Hata pasipo kanuni ya namna hiyo, mfungwa hujipima mwenyewe. Mara moja barua ilikuja ikiwa na mwandiko uliolala upande, mistari inashuka, na habari zake ni zilezile za juma lililotangulia, neno kwa neno. Dada hakumuuliza kitu. Wikendi iliyofuata alipanda gari akaenda. Alimkuta ametoka kuugua.

Rufaa ilitupwa mwezi wa 10 wa kifungo. Sasa hapakuwa na wakili wa kumkataza, na dada alisubiri jibu la swali lake la kwanza bila kulirudia. Lilikuja hivi: "Dada, lile swali lako sijalisahau. Sitaki kulijibu mahali ambapo mtu mwingine analisoma kabla yako. Nitalijibu nimekaa mbele yako." Dada aliumia, akasema ni kukwepa. Nilimwambia, na bado ninaamini, kwamba kijana alikuwa sahihi. Barua ya gerezani inabeba mengi, lakini ni chombo chenye mdomo wazi. Msamaha wenye aibu ndani yake unastahili chumba chenye watu wawili. Hatukukubaliana siku hiyo, na ni haki yake.

Barua ya 24 ya kijana ilileta tarehe ya kutoka, baada ya kupunguziwa muda kwa mwenendo mzuri. Aliomba mtoto asiletwe getini, akutane naye nyumbani. Halafu akauliza kama sanduku lake la vifaa bado lipo, kwa sababu baiskeli ya mjomba wake kwa umri ule itakuwa imeshamfika magotini, inahitaji kiti kupandishwa.

Dada aliniletea barua hiyo akiwa na wasiwasi. Ile miezi 5 ya mahabusu aligawa nguo zote za mdogo wake. Sanduku lilibaki kwa vile lilikuwa zito, hakuweza kulibeba peke yake. Aliniuliza kama lazima ayaseme ya nguo, au angoje arudi. Nikamuuliza kijana akifungua kabati siku ya kwanza ataona nini. Akachukua kalamu palepale.

"Sanduku lipo," aliandika. "Nguo zako nilizigawa nilipokuwa na hasira, hazipo tena, nitakununulia za kuanzia. Sanduku sijalifungua. Ufunguo sijui uliuweka wapi."